Nguo ya Mwisho ya Tumpe

"Zege limeshachanganywa, Subilaga. Haliwezi kurudi mfukoni."

"Basi lijengee banda la nguruwe."

Ambakisye aliliweka beleshi chini polepole, kama mtu anayeogopa atakachofanya akiendelea kulishika. Walikuwa wameanza kubishana kabla chai haijachemka, na sasa jua lilikuwa limeshapanda juu ya migomba na chai yenyewe hakuna aliyeinywa. Gwamaka, mdogo wake Ambakisye, ambaye ndiye fundi, alichuchumaa kando ya kaburi akipima kwa pima maji ukingo aliokwisha kuupima mara tatu. Mama yao alikaa kwenye kigoda, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi, akichambua maharage ambayo hayakuwa na taka hata moja.

Kaburi lilikuwa la Tumpe, mtoto pekee wa Subilaga na Ambakisye, aliyekufa kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka sita. Nyuma ya nyumba yao walilazwa watu saba wa ukoo, na sita kati yao walikuwa wamejengewa vizuri, zege na vigae na jina. Tumpe peke yake alikuwa bado na tuta la udongo na msalaba wa mbao. Msalaba huo ulikuwa wa tatu. Miwili ya kwanza ilioza. Karibu kila mwaka Ambakisye alinunua saruji, na kila mara Subilaga aliipeleka kwenye kazi nyingine. Choo chao kizuri, ambacho majirani walikisifu, kilikuwa kimejengwa kwa saruji ya kaburi.

Hoja ya Subilaga haikubadilika kwa miaka tisa. Mtu hufunikwa akiisha, na Tumpe hakuwa ameisha. Alikuwa bado anakua, kule mjini, kwenye jengo la Kampuni ya Tabaka, na Subilaga alikuwa anamlisha kwa mikono yake mwenyewe siku sita kwa wiki.

"Unalisha nyama," Ambakisye alisema.

"Ninamlisha mwanao."

"Mwanangu yuko hapa." Alionyesha tuta kwa ncha ya kiatu, kisha akaona aibu, akaurudisha mguu. Akaongea kwa sauti ya chini zaidi. Alisema anajua leo ni siku gani. Idhini aliyoipa kampuni inaisha saa nane mchana, na wanataka aweke tena dole gumba. Asiliweke. Wamzime huko, wampe kilichobaki, amlete nyumbani. Alikuwa ameshamwambia Gwamaka aache tundu upande wa kichwa.

Subilaga akatazama. Kweli, katikati ya mbao za kumiminia zege palikuwa na tundu la mraba, la kuingia ndoo ya lita kumi. Ndoo yenyewe ilikuwa pembeni, nyeupe, mpya, ina mfuniko. Mume wake alikuwa amefikiria kila kitu.

"Mvua itanyesha jioni," Ambakisye alisema. "Ukimleta kabla, ataungana na mwili wake na tutafunika pamoja. Usipomleta, nitaziba hivyo hivyo. Na usinitajie jina lake tena."

Hapo ndipo mama mkwe alipoinua kichwa kutoka kwenye maharage. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache alikuwa hayarudii.

"Nguo zake tulizigawa, mwanangu," alimwambia Subilaga. "Hatukuziuza."

Subilaga akaichukua ndoo na kuondoka bila kuaga.

*

Siku Tumpe alipokata roho, Ambakisye alikuwa ametoka kutafuta gari la kubeba mwili. Daktari alimkuta Subilaga peke yake kwenye benchi la wodini na kumweleza kwamba damu ya mtoto ilikuwa imeonyesha jambo linalotokea kwa mtoto mmoja kati ya laki kadhaa. Ngozi yake isingekataliwa na mwili wa mtu yeyote. Aliomba kipande cha paja, ukubwa wa kiganja, kiwasaidie watu walioungua.

Subilaga alikuwa na diploma ya kilimo na hakupenda mambo ya kuzungushana. Alifikiria nguo. Kwao, matanga yakiisha, nguo za marehemu hutolewa nje, hutandikwa kwenye mkeka na kugawiwa. Sweta kwa huyu, viatu kwa yule. Aliyepewa huvaa mpaka ichakae, na ikichakaa ndiyo mwisho wake. Akaona kipande kile ni nguo iliyotangulia kugawiwa kabla ya zingine. Mtu mmoja ataivaa, itachakaa naye, basi. Akaweka dole gumba kwenye kioo walichomletea. Hakumsubiri mumewe.

Hilo ndilo kosa lake, na alilikiri mapema kuliko wote. Hakuuliza kama nguo hiyo inachakaa.

Mwaka wa kwanza walimtumia barua ya shukrani. Mwaka wa pili alisikia redioni kwamba kampuni imetengeneza shuka za ngozi za kutosha ekari moja. Aliyajua mashamba, aliijua ekari. Mtoto aliyezikwa akiwa na uzito wa kilo kumi na nane alikuwa na ekari moja. Subilaga akavaa gauni la kanisani, akaenda mjini, akaomba kazi. Walipomuuliza ana ujuzi gani, alisema ameotesha miche maisha yake yote na hajawahi kuikausha hata mmoja.

Sasa Tumpe alikuwa na ekari nne.

Majirani walimtania kwamba anafanya kazi kiwanda cha ngozi, kama vile anachuna ng'ombe. Alicheka nao. Kazi yenyewe ilikuwa ya upole. Chumba cha joto la mwili wa mtu, taa hafifu, na katikati chombo cha kioo kirefu kumzidi, walichokiita chungu mama. Humo ndani kulikuwa na majimaji ya rangi ya waridi, na ndani ya majimaji, chembe hai zilizotoka kwenye lile paja. Zilipokuwa na njaa, majimaji yaligeuka njano. Mlishaji aliyatoa ya zamani na kuingiza mapya, taratibu, nyuzi joto zisipungue. Kutoka kwenye chungu, chembe zilipandwa kwenye trei kama mbegu kitaluni, na baada ya siku kumi na mbili kila trei ilitoa shuka moja laini, nyepesi kama utando wa maziwa. Mashine ingeweza kufanya yote hayo. Kampuni ilimwachia Subilaga kwa sababu trei zake hazikuharibika, na pengine kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwondoa.

Leo alikuta majimaji yameanza kuwa njano pembezoni.

"Umeamka na njaa," alisema, akafungua bomba.

Dokta Kokugonza, meneja wa jengo, alimsubiri amalize. Alikuwa mwanamke mstaarabu, aliyemwita Mama Tumpe siku zote bila kupepesa, na Subilaga alimheshimu kwa hilo. Walikaa kwenye chumba kidogo chenye dirisha la kutazama trei. Dokta alisoma fomu mpya kwa sauti, kifungu kwa kifungu, kama sheria ilivyotaka.

Ukweli wake ulikuwa mfupi kuliko fomu. Hospitali za serikali hazikuweza kuendelea kununua shuka za walioungua. Lakini ng'ambo walikuwa wamegundua kwamba ngozi hii, hata ikuzwe miaka mingapi, hubaki ya mtoto wa miaka sita. Haikunjamani. Watu wenye uwezo walitaka kuivaa usoni. Bidhaa ilikuwa imeshapewa jina, Utoto. Trei nane katika kila kumi zingekwenda huko. Mbili zingebaki kwa wodi za walioungua, na hizo mbili zingelipiwa na zile nane.

"Mashavu," Subilaga alisema.

"Mashavu, shingo, na chini ya macho."

"Wanawake wa umri gani?"

"Na wanaume pia. Sitini, sabini. Mama Tumpe, sitakudanganya, mimi nisingependa. Lakini sikuombwa kupenda."

Subilaga akauliza asipoweka dole gumba itakuwaje. Dokta akajibu kwamba sheria haina njia ya katikati. Saa nane ikifika bila idhini, chungu kinazimwa, na kila kilichotoka kwenye chungu ambacho hakijavaliwa na mtu kinateketezwa au kinarudishwa kwa familia. Trei pia. Aliitazama ndoo nyeupe miguuni pa Subilaga, akageuza macho haraka.

"Trei za Nyamizi, yule wa wodi ya walioungua, zina siku nane," Subilaga alisema. "Zimebaki nne."

"Najua."

"Hazingojewi hizo siku nne?"

"Niliandika barua tatu kuuliza hilo. Makao makuu wamejibu nichague kati ya fomu na kiberiti. Samahani, ndivyo walivyoandika."

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Subilaga akasema anakwenda hospitali, kuna mtu anataka kumwona.

*

Wodi ya walioungua ilijaa tangu soko lilipoingiwa na yale majiko ya betri yaliyokarabatiwa. Yalikuwa rahisi, hayatoi moshi, na moja katika mia kadhaa lilipasuka kama bomu. Nyamizi alikuwa mama ntilie kituo cha malori. Jiko lake lilipasuka alipokuwa ameligeuzia mgongo akihesabu sahani. Liliondoka na ngozi ya mgongo wote, shingo na mikono miwili mpaka viwikoni. Ya kwake iliyobaki haikutosha kuhamishwa, na ngozi za watu wengine mwili wake ulikuwa umezitema mara mbili. Ngozi ya Tumpe tu ndiyo iliyokaa. Alikuwa ameshavikwa mabega na mkono wa kulia. Mgongo wa chini na mkono wa kushoto vilingoja shuka za Ijumaa, na madaktari walimwambia Subilaga waziwazi kwamba kidonda kikubwa namna ile hakikai wazi mwezi mwingine bila kuingia sumu kwenye damu.

Alimkuta amelala kifudifudi kama kawaida, kidevu juu ya mto.

"Mama Ngozi," Nyamizi alisema. "Umekuja na ndoo. Unatafuta makombo?"

"Umependeza kwa nyuma."

"Kwa nyuma nina miaka sita. Kwa mbele nina arobaini na moja. Mwanaume wangu atachanganyikiwa."

Subilaga akavuta kiti. Hakuwa mtu wa kutayarisha maneno, kwa hiyo aliyasema yote kama yalivyokuja: fomu, mashavu ya wazee wa ng'ambo, zege, tundu upande wa kichwa, saa nane. Alisema pia kwamba mtoto huyo alikuwa wake, jambo ambalo kwa miezi yote aliyoleta shuka wodini hakuwahi kumwambia mgonjwa yeyote.

Utani ulimtoka Nyamizi usoni na uso ukabaki mdogo.

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Nimeona ni haki ujue."

"Si haki. Unataka nikuambie uweke dole gumba, halafu uweke kwa ajili yangu, halafu nife na deni lako. Au nikuambie usiweke, nionekane mwema. Mimi nina vidonda, mama. Mwenye vidonda atasema weka. Nina watoto watatu wanalala kwa jirani ambaye hata hanipendi. Weka. Wakitaka wavae mpaka matako, weka."

"Sawa."

"Usinijibu sawa. Uliniuliza." Nyamizi akaufunika uso kwenye mto. Alipoongea tena sauti ilikuwa imezama. "Alikuwa mtoto wa namna gani?"

Subilaga akafikiri. Watu walizoea kumuuliza hivyo na alikuwa na majibu ya kanisani, lakini hayakumjia. Alisema alikuwa mbishi. Alikuwa hapendi kuvaa sweta, hata kwenye baridi ya mwezi wa saba, huku vipele vimemsimama mwili mzima kama kuku aliyenyonyolewa, na ukimwambia unaona baridi, anakataa.

Mhudumu alikuwa amefungua dirisha lililo juu ya kitanda kupunguza harufu ya dawa. Upepo wa milimani uliingia, wa mvua iliyokuwa njiani. Subilaga alikuwa akiongea huku anamtazama Nyamizi begani, pale shuka ya kwanza ilipoungana na mwili, na akaona ngozi ile inabadilika. Vinyweleo vidogo, vile ambavyo havionekani mpaka mwanga uje kwa upande, vilisimama. Vipele vya baridi vikatokea begani, vikashuka mkono wote wa kulia, vikaishia palipoishia ngozi ya Tumpe.

Alisimama, akafunga dirisha. Alifanya hivyo kabla hajafikiri.

"Vipi?" Nyamizi aliuliza.

"Umeona baridi."

"Sijaona. Huko sina hisia bado, wanasema mpaka miezi sita." Akageuza shingo kidogo, kwa maumivu. "Kuna nini?"

Subilaga alichukua khanga iliyokuwa miguuni pa kitanda, akafunika nayo ile sehemu isiyouma, akaweka kiganja juu yake. Alikaa hivyo mpaka vipele vikalala. Ilichukua dakika tano hivi. Kwa zaidi ya miaka saba alikuwa amesimama mbele ya chungu cha kioo akiamini yuko na mwanawe, na kwa miaka hiyo yote chungu hakikumwonyesha hata dalili moja ya ubishi. Mwanawe alikuwa huku nje, kwenye migongo ya watu asiowajua, anaona baridi bila mtu wa kumvalisha. Kesho angekuwa kwenye nyuso, kwenye nchi ambazo Subilaga hajui zina baridi kiasi gani. Na asipokwenda huko, mwanamke huyu atakufa hapa, na bega la mwanawe pamoja naye.

Alitafuta upande wenye nafuu. Hakuupata. Akachukua ndoo yake.

"Ijumaa," alimwambia Nyamizi. "Usile kuanzia Alhamisi jioni, watakulaza usingizi."

Nyamizi hakusema asante. Alikuwa analia kwenye mto, na hilo Subilaga aliliona kuwa sahihi zaidi.

*

Saa saba na dakika arobaini alikuwa tena mbele ya Dokta Kokugonza. Aliomba kalamu. Kwenye fomu kulikuwa na kifungu cha mgao wa familia kutokana na mauzo. Alikikata kwa mstari, mara mbili, mpaka karatasi ikatoboka. Chini yake aliandika kwa mkono kwamba trei za siku ya nane ni za wodi ya walioungua, za Nyamizi, na hazihamishwi. Akamtaka dokta atie sahihi hapo. Dokta alisema hana mamlaka. Subilaga akamsogezea kalamu, na dokta akatia sahihi.

Kisha akabonyeza dole gumba kwenye kioo. Kioo kikawaka kijani. Mara ya kwanza, miaka tisa iliyopita, hakuona rangi gani.

"Kesho utakuja?" Dokta aliuliza.

"Hapana. Weka mashine."

Aliingia chumba cha joto mara ya mwisho kurudisha koti. Majimaji yalikuwa ya waridi, safi, hayamhitaji. Alizoea kuongea na chungu, lakini sasa alijisikia mjinga, kama mtu aliyegundua kwamba kwa muda mrefu amekuwa akipiga hodi nyumba isiyo na wenyewe.

Gari la kampuni, lile lisilo na dereva, lilimshusha barabarani matone ya kwanza yakianza. Nyuma ya nyumba wote watatu walikuwa wamesimama. Gwamaka ameshika karai la zege jipya. Mama mkwe ameacha maharage. Ambakisye alitazama ndoo, akatazama jinsi ilivyokuwa inaning'inia mkononi mwake bila uzito, akajua.

"Umemuuza," alisema.

"Ndiyo."

Ambakisye alingoja aongeze neno. Subilaga alikuwa na maneno. Angeweza kumweleza habari za Nyamizi na watoto watatu, na karatasi aliyoichora mpaka ikatoboka. Alimwangalia mume wake, ambaye siku ile alirudi na gari la kubeba mwili akakuta mambo yameshaamuliwa, akaona kwamba leo amemfanyia hivyo kwa mara ya pili. Hakuongeza neno.

Ambakisye alivua kofia, akaivaa tena, akaingia ndani. Mlango haukugongwa. Ulifungwa taratibu, na kitasa kikazungushwa.

Mama mkwe alibaki kidogo. Akamwambia Gwamaka apige zege haraka, mvua isije ikaliharibu, kisha naye akainua kigoda chake na kufuata.

"Shemeji," Gwamaka alisema, "niache niz..."

"Lete mwiko."

Alipiga magoti kwenye udongo. Alivuta karai, akachota zege kwa mikono, akalitupia ndani ya tundu. Lilikuwa tundu la kina, Gwamaka alilichimba kwa uaminifu, na lilimeza karai zima na nusu ya la pili. Subilaga alilishindilia kwa ngumi mpaka hewa ikatoka. Kisha akasawazisha kwa mwiko, vibaya, upande mmoja juu upande mwingine chini. Gwamaka aliona, na pima maji lilikuwa mkononi mwake, lakini hakulitumia. Alitandaza turubai, akaweka mawe kwenye pembe.

Mvua ikashuka kweli kweli. Subilaga alibaki amepiga magoti, vipele vya baridi vimemsimama mikono yote miwili. Alivitazama. Kisha akainuka, akaenda bombani, akauosha mwiko, maana saruji ikishakauka haitoki.